Kinywa ya Karatasi: Maisha ya Élie Muhindo, 1979–2025

Ndugu, wakwe, majirani, na nyinyi munaokaa nyuma kabisa: niko na hadithi moja ambayo hakuna hata mumoja wenu ataiamini. Nimeiweka mwisho. Marehemu mwenyewe njo alisema niiweke mwisho, juu alijua mukishaisikia mutaanza kuongea, na hakuna atakayetaka tena kujua alizaliwa wapi.

Miye ni Albert Bauma, mujomba wake, ndugu ya mama yake. Mu Kirolirwe yote hakuna muntu anayesoma kwa sauti nzuri kupita miye, na niliacha masomo mu mwaka wa ine ya primaire. Fikirini kama ningemaliza. Wasifu hii nilimusomea Élie angali muzima, yote isipokuwa kufa kwake na yaliyokuja kisha. Aliniambia: "Ku mazishi yangu kila muntu atasikia isipokuwa miye. Nisomee sasa." Akaniapisha: fasi ataniambia "Punguza", pale pale niache, hata kama sentensi ingali inatembea. Niliapa. Tutaona.

Kisanduku munayoona juu ya meza, imelala ikiangalia mbingu, njo bafle ya mwisho aliyotengeneza kwa mikono yake. Ndani muko oparlere moja tu ya kutoa sauti, na kinywa yake ni ya karatasi. Nikipiga makelele itapasuka, na fundi wa kuishona njo huyu tunamuzika. Ndiyo sababu leo munaniona ninasema polepole kama muntu mwenye adabu. Wa nyuma, mukinyamaza mutasikia. Musiponyamaza, mutaona kitakachotokea, nitawaelezea mbele.

Élie Muhindo alizaliwa Kirolirwe, tarehe 14 mwezi wa pili, mwaka 1979. Baba yake, marehemu Papa Paul Muhindo, alikuwa mufanyabiashara wa Butembo aliyekuja Masisi kununua maharagi na fromage ya maziwa, akapata na dada yangu Augustine juu ya manunuzi. Élie alipozaliwa alilia kidogo sana, kama muntu anayeomba ruhusa. Muzalishaji akamupiga matako: "Ongeza!" Akalia tena kidogo. "Ongeza, weye mutoto!" Miye sikuwa ndani, nilikuwa na ng'ombe, lakini dada yangu aliniambia, na dada yangu hakuwa kama miye. Kwa hiyo neno ya kwanza Élie alisikia hapa duniani ni ongeza. Ilimufuata kama deni ya muntu mwingine, miaka makumi ine na sita.

Alisoma primaire pale Kirolirwe, kuanzia 1985 mpaka 1991. Kisha baba yake, aliyekuwa amefungua duka Walikale-centre, akamuchukua kule kuanza secondaire. Hapo njo kazi ilimukuta. Mu duka kulikuwa radio kubwa ya mbao, na siku moja ikaanguka, ikafunguka uso. Élie akaona ile karatasi nyeusi inayofanana na faneli, inatetemeka kila mara musomaji wa habari anafungua mudomo. Akachukua haragi moja mu mufuko wa baba yake, akaiweka mu karatasi. Haragi ikacheza. Baba yake akaongeza sauti, haragi ikaruka ikamupiga ku jicho. Tangu siku hiyo, mupaka mwaka huu, kila oparlere aliyotengeneza aliilaza, akaweka haragi moja. Ikicheza, ni sawa. Ikiruka, umezidisha. Masomo yake mengine yalikatwa na vita ya 1996, akiwa mwaka wa sita, section pédagogie. Angekuwa mwalimu. Ninawapongeza wanafunzi waliookoka, juu angewafundisha kunong'ona.

Kuanzia 1998 alitengeneza radio pale mbele ya duka ya baba yake, na mwaka 2003 alianza kutengeneza bafle zake mwenyewe. Alikusanya oparlere za karatasi fasi yoyote: mu radio zilizokufa, mu televizio za zamani, mu milango ya magari iliyobaki kando ya barabara. Mbao ilikuwa libuyu ya Walikale, kavu, siyo eucalyptus yetu ya Masisi ambayo inajikunja kama muntu anayeumwa tumbo. Na mu kila kisanduku aliweka oparlere moja. Wengine wanaweka ndogo ya kulia na kubwa ya kunguruma. Yeye hapana. Ngoma, gitare, na mama anayeimba, wote walipita ku mulango moja. Nilimuuliza: "Mutoto wa dada, mbona hauweki hata mbili?" Akanijibu: "Mujomba, weye uko na vinywa ngapi? Moja. Na tayari tunachoka."

Lakini karatasi ni karatasi, na Walikale ni mvua. Karatasi ilivimba, ikaota ukungu, ikapasuka pembeni. Alizishona na karatasi ya mufuko wa ciment, akazibandika na uji wa unga ya muhogo, juu colle ya duka haikufika. Mwaka 2006 akapeleka bafle mbili mu chapelle moja ya musitu. Siku ya Matawi katekista akasimama, akafungua kitabu, akasema, "Ndugu zangu wapendwa," na bafle ikajibu, "Prrrr." Akarudilia. "Prrrr." Watu wakaanza kucheka ndani ya kanisa. Katekista akadhani ni ujanja ya Élie, akafunga kitabu. Kumbe ni mende. Walikula unga yote pembeni ya karatasi, wakaacha oparlere inaning'inia kama jino ya mutoto. Élie alibeba bafle zake ku kichwa mu mvua, na watoto nyuma yake: "Papa Prrrr! Papa Prrrr!" Jina ile ilikaa miaka. Leo iko watu hapa wanaijua kuliko jina yake ya batizo, na ninawaona.

Muntu aliyemuokoa ni muwindaji mumoja wa pale, Papa Straton. Alimukuta Élie amekaa kando ya njia anachokonoa mende na kijiti, akamuambia: "Mende hawakuli ulimbo." Ulimbo njo ile utomvu wanachemsha, wanapakaa ku matawi, ndege ndogo wanakamatika miguu. Élie akapakaa ulimbo pembeni ya karatasi. Mende wakaogopa. Karatasi ikabaki laini, ikapumua vizuri. Shida ilikuwa moja: mainzi wote wa Walikale walikuja kusikiliza wakabaki mule mule, na kila mwisho wa mwezi Élie aliwachuna kama mama anachuna majani ya sombe.

Kuomba ulimbo, akawa anarudi kwa Papa Straton. Akaomba leo, akaomba kesho. Mupaka muzee akamuuliza: "Ni karatasi ngapi unabandika, ao unabandika binti yangu?" Binti yake njo Mama Falone, huyu mujane tunamulilia naye. Walifunga ndoa Walikale-centre, tarehe 18 mwezi wa munane, 2007. Siku ya mahari Élie alileta mbuzi, na juu yake akaleta bafle moja. Wageni wakashangilia. "Ongeza son, bwana! Ongeza!" Muntu mumoja akanyoosha mukono azungushe ile bouton. (Sisemi ni nani. Alikuwa mujomba.) Papa Straton akasimama. Yule mzee amezoea musitu, anasikia swala anatafuna. Akasema neno moja:

"Punguza."

Wakapunguza. Watu wakalazimika kunyamaza. Na mu ile kunyamaza tukasikia vidole vya mupiga gitare vinateleza juu ya nyuzi, na muimbaji anavuta pumzi mbele ya neno. Mama mumoja alisema, "Kumbe iko muntu mule." Élie alilia, bwana-arusi muzima, mbele ya mbuzi. Akaniambia kisha: "Mujomba, tangu nizaliwe, huyu njo muntu wa kwanza kuniambia ile." Neno ile aliichukua pamoja na binti. Ikawa yake.

Sasa nitawaambia kitu inayonichoma. Dunia haikumusikiliza. Kila bafle aliyotoa ilirudi imepasuka. Mwenye buvette ya pombe: "Élie, inakohoa." Wa kampeni za uchaguzi: "Élie, inakohoa." Wa harusi, wa matanga, wa kilabu ya mupira. Alikuwa anawauliza: "Uliongeza?" "Hapana, kidogo tu." Wote waliongeza kidogo tu. Aliandika PUNGUZA na rangi nyekundu juu ya bouton, wakadhani ni jina ya marque. Wakasema: "Nunua Punguza, iko na son kali." Kisha zikafika zile bafle za plastique kutoka Goma, zenye taa za kuwaka buluu na nyekundu, na wateja wakamuacha. Alikuwa anasema: "Inapiga makelele, haisemi." Hakuna aliyemusikia, juu ya makelele.

Mwaka 2016 alirudi Kirolirwe kumutunza dada yangu mupaka akafa. Mwaka 2023, mwezi wa kwanza, tulikimbia wote. Watu walibeba magodoro, masufuria, kuku. Élie alibeba kisanduku hii. Mama Falone alimuuliza kwa barabara: "Tutakula karatasi?" Akasema: "Hapana, lakini tutasikilizana." Mama Falone hakumujibu siku mbili. Tukafika Kashuga, mu kambi ya wakimbizi, na hapa tuko.

Mwaka 2024, mwezi wa kumi, sauti yake ikaanza kwenda. Kwanza tulidhani ni vumbi. Kisha tukadhani ni ile adabu yake. Ilikuwa kidonda mu koo. Tulitaka kumushusha Goma, barabara ikafungwa. Ikafunguka, pesa ya pikipiki haikuwa. Ikapatikana, barabara ikafungwa. Sijui muntu anamukasirikia nani mu mambo kama hii. Miye nilikasirikia pikipiki. Mwezi wa saba mwaka huu njo tulishuka, yeye kati, miye nyuma namushika, na ku bariere moja ya barabara wenye bunduki wakamuuliza jina. Akasema. Hawakusikia. "Sema kwa nguvu!" Akasema tena. "Weye, ongeza sauti!" Niliona shingo yake inatetemeka kama karatasi. Nikajibu mahali pake: "Ni Élie Muhindo, ingénieur wa son wa Kivu yote na sehemu ya Uganda!" Akanifinya paja. Hata pale, bila sauti, alinipunguza. Tukapita Mubambiro tunacheka, yeye bila kutoa mulio. Goma daktari akatuambia tumechelewa. Tumechelewa! Kama vile tulikuwa kwa njia tunacheza.

Fungu hii ya kufa, na ya vita iliyofuata, njo ile hakuisikia. Juu hayuko wa kunikata, nimeiandika fupi. Alifariki hapa Kashuga siku ya Mungu, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja, 2025, asubuhi, Mama Falone akimushika mukono. Hakukuwa makelele.

Alichoomba kilikuwa kitu moja: wasifu yake isomwe mu kisanduku hii, siyo mu sono, zile bafle kubwa za kukodisha. Na hapo njo vita ilianza. Kaka yake Luc, munamujua, ana malori Butembo, alifika na sono munaiona kule chini ya bashe, ile turubai, minara miwili, kila moja inapita muntu kwa urefu. Tukakaa kikao.

"Mujomba," Luc akasema, "batu bataniona namna gani? Niko na malori, halafu namuzika mudogo wangu na kisanduku ya biskuti?"

"Haiko ya biskuti, iko ya libuyu."

"Ni munong'ono ile! Mutoto wa Muhindo hazikwi na munong'ono. Wa nyuma hawatasikia kitu."

"Luc, ni yeye aliomba."

"Aliomba juu alikuwa mugonjwa! Mugonjwa anaomba hata mutori ya ndizi saa ya ugali."

Miye, na kinywa hii yote munanijua nayo, nikaanza kupanga maneno. Aliyejibu ni Mama Drocella, jirani yetu wa kambi, aliyekuwa amekuja tu kuleta kuni. Akaweka kuni chini. Akasema: "Papa Luc, miye siku ile nilikuwa nyuma. Nilisikia."

Luc akaangalia minara yake chini ya bashe. Kisha akasema: "Sawa. Lakini wa nyuma wakilalamika hata mara moja, nawasha zangu." Kwa hiyo, ndugu zangu, muamuzi ni nyinyi. Sono iko imefungwa waya, fundi wake amekaa kando, kidole iko tayari. Mukikaa kimya, Élie atazikwa vile aliomba. Mukisema "Ongeza", hata ule mwenye amezoea kusema kwa mazoea tu, kwisha. Haragi aliiweka Mama Falone mwenyewe. Kétsia, mutoto wake, anaiangalia, ikiruka, ni miye nimekosa, na atanionyesha mukono.

Marehemu anaacha mujane, Mama Falone. Watoto watatu, Kétsia, Naomie na Viateur. Kaka yake, Papa Luc. Mukwe wake, Papa Straton, ambaye barabara ya Walikale imemukatalia kufika, lakini alituma chupa moja ya ulimbo, na Kétsia njo alipakaa karatasi jana, mbele ya chakula, bila kufundishwa na muntu. Anaacha na mujomba moja, muzuri wa sura.

Neno ya kumuaga ninaiweka hapa, juu naogopa kule mbele sitapata fasi: alale salama, Élie wetu, mahali ambapo hakuna mukono juu ya bouton.

Sasa ile hadithi, na nitaacha fasi ile ile Élie aliniambia niache.

Mwaka 2023, mwezi wa sita, hapa hapa Kashuga, alifika mama mumoja, Jeannette, anatafuta mudogo wake. Walipotezana mu barabara siku ya kukimbia. Mwenye porte-voix, ile ya kuitia watu, akazunguka kambi: "Drocella! Drocella!" Munajua porte-voix: kila muntu akisema mule anakuwa bata amefungwa mu bidon. Walitokea wa Drocella watatu, wote si yeye. Na yule mwenyewe alikuwa kule mwisho, ku robine, anafua nguo. Alishachoka na majina ya bata. Kila siku bata anaita, na kila siku si yeye.

Jeannette akakaa chini akalia. Élie akaleta kisanduku, akailaza, akaweka haragi. Akamuambia: "Dada, usiite jina tu. Sema vile munasemaga nyumbani."

"Nyumbani namuambiaga tu chai inapoa. Ni muntu wa kuchelewa."

"Sema ile."

Mwenye porte-voix akacheka: "Chai? Batasikia chai mu kambi nzima? Ongeza basi!"

"Punguza," Élie akasema. Na sijui kwa nini, siku ile watu walitii. Jeannette akasogea ku mikro. Haragi ikacheza kidogo. Akasema, kwa ile s yake inayoteleza ku meno, kama muntu amesimama ku mulango ya jikoni: "Drosella, chai inapoa."

Kule ku robine Mama Drocella aliacha sabuni ikaanguka. Hii ni kweli, muulizeni, huyu hapa amekaa karibu na Jeannette. Akakimbia na povu ku mikono mpaka ku viwiko, anapiga makelele, "Nakuja! Nakuja, usiimwange!", kama vile chai ilikuwa kweli iko. Na sauti ile ya karatasi haikuishia pale, ndugu zangu, ikapita bashe zote, ikapanda mulima, ikateremuka Mweso, watu wa soko wakaacha mizani, ikavuka mpaka Kirolirwe, na ng'ombe wangu ule mwenye paji nyeupe, niliyemuacha mu majani, akainua kichwa, akageuka Kashuga, akafungua kinywa, na akasema kwa Kiswahili safi kabisa, chai ina—

"Mujomba. Punguza."